Umeasili mtoto Mtwara au Lindi: kodi inakupa nini, na karatasi gani zinakupa kilichobaki

Msimu wa korosho uliopita, wakati kila mtu kusini ana salio la kupiga simu, shemeji yangu alinipigia kutoka Nachingwea. Hakusalimia sana.

"Shem, kumbe ukiasili mtoto serikali inakurudishia milioni arobaini na kitu! Nimeona video. Nyie si mlimchukua yule binti kwa mahakama? Mmeshadai?"

Nikamuuliza serikali ipi. Akasema, "Si TRA?"

Ile video ilikuwa ya Marekani, na kule nafuu ya namna hiyo ipo, ingawa si kama alivyoielewa. Huku haipo, na nimeona watu wanaanza kuzungushwa na "washauri" wanaodai elfu hamsini ili wakujazie fomu ya kurudishiwa kodi ya mtoto. Fomu hiyo haipo TRA, mamlaka yetu ya mapato. Ila pia si kweli kwamba hakuna chochote. Vipo vitu, vingine vya kodi na vingi visivyo vya kodi, na karibu vyote vinafunguliwa na karatasi moja: amri ya mahakama. Mimi kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu hapa Mtwara mjini, na nyumbani tuna binti wa kuasili. Nimekaa pande zote mbili za meza, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni yale ninayomweleza mtu akija ofisini na bahasha yake.

Kwanza jua mtoto uliye naye ni wa aina gani kisheria

Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapopotea, na sababu ni utamaduni wetu wenyewe. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba wa watu wa mikoa mingine angeishangaa. Dada akifariki, hakuna anayeuliza watoto waende wapi. Wanakuja. Bibi wa Newala analea wajukuu sita na hajawahi kusikia neno "kuasili". Mama mdogo ni mama, basi.

Ukoo unamtambua mtoto huyo moja kwa moja, lakini bima, mfuko wa pensheni na sheria ya kodi haviendi kwa macho ya ukoo. Kwa macho yao kuna watoto wa namna tatu.

Yupo unayemlea tu, wa ndugu au wa jirani, bila amri yoyote. Huyu kisheria bado ni mtoto wa wazazi wake, hata kama wamekufa.

Yupo uliyekabidhiwa na Ustawi wa Jamii kwa malezi ya kambo. Hapa neno linachanganya, maana mtaani mtoto wa kambo ni wa mwenza wako. Kwenye ofisi za ustawi, malezi ya kambo ni kumlea kwa muda mtoto asiye wako, chini ya uangalizi wao. Bado si wako.

Na yupo uliyemwasili kwa amri ya Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Amri ikishatoka, haki na wajibu wa wazazi wa kuzaa vinakoma, na mtoto anahesabika kana kwamba amezaliwa ndani ya ndoa yako. Maneno haya mazito ndiyo ufunguo. Popote sheria nyingine inaposema "mtoto wako", yumo.

Chukua salari slipu yako uitazame

Tuondoe tumaini la uongo kwa hesabu. Kodi ya mshahara Tanzania Bara, ile PAYE, inakatwa kwa viwango hivi kwa mwezi: hadi 270,000 hukatwi kitu, inayozidi hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, inayozidi hadi 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya ziada, inayozidi hadi 1,000,000 ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya ziada, na juu ya hapo ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya ziada.

Mchukue mwalimu wa Masasi anayelipwa 800,000. Kwanza inatoka michango yake ya PSSSF, asilimia 5, yaani 40,000, kwa sababu mchango wa pensheni hautozwi kodi. Inabaki 760,000. Kodi yake ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya 240,000, jumla 68,000.

Sasa tafuta kwenye hesabu hiyo mahali mtoto alipoingia. Hakuna. Mwalimu asiye na mtoto anakatwa 68,000 na mwenye wanne anakatwa 68,000. Jedwali halijui kama una mtoto wa kuzaa, wa kuasili, au unaishi na paka. Kwa hiyo mtu akikwambia PAYE itashuka kwa sababu umeasili, mshukuru na uondoke.

Ada ya shule, sare na daftari navyo havipunguzi kodi. Ni matumizi ya nyumbani.

Mahali sheria ya kodi inapohesabu watoto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hawapajui, hata baadhi ya maofisa utumishi.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inaeleza nini kinaingia kwenye kipato cha ajira na nini kinaachwa nje. Kanuni ya jumla ni kwamba mwajiri akikulipia kitu chako binafsi, kitu hicho ni sehemu ya mshahara na kinatozwa kodi. Akikulipia kodi ya nyumba, umelipwa. Akimlipia mwanao ada, umelipwa. Lakini kuna vitu vimeachwa nje, na viwili kati yake vinataja watoto.

Cha kwanza ni matibabu na bima ya matibabu. Mwajiri akilipia matibabu yako, ya mwenza wako na ya watoto wenu wasiozidi wanne, fedha hiyo haiingii kwenye kipato chako, ilimradi huduma hiyo inatolewa kwa wafanyakazi bila ubaguzi.

Cha pili ni nauli. Kama makazi yako ya kudumu yako zaidi ya maili 20 kutoka kituo cha kazi (kilomita 32 hivi) na umeajiriwa mahsusi kwa kazi hiyo, gharama halisi ya kukusafirisha wewe, mwenza na watoto wenu wasiozidi wanne kwenda au kutoka kituoni haitozwi. Mtwara hii imejaa watu wa namna hiyo: wa gesi, wa bandari, wa benki, wanaoletwa na mizigo yao kutoka Dar es Salaam na Mwanza.

Tuone inavyofanya kazi. Tuseme kampuni inalipia bima binafsi ya shilingi 400,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mfanyakazi analipwa zaidi ya milioni moja kwa mwezi, kwa hiyo shilingi yake ya juu inakatwa asilimia 30. Ana watoto wawili wa kuzaa na anamlea mtoto wa marehemu dada yake, bila amri. Kampuni, kwa roho nzuri, inawalipia wote watatu. Mimi nikiandaa mshahara huo, bima ya wawili naiacha nje. Ya yule wa tatu naiingiza kwenye kipato, kwa sababu sheria imesema watoto "wao" na sina karatasi ya kunilinda siku wakaguzi wakija. Laki nne kwa asilimia 30 ni 120,000 kwa mwaka, inakatwa kwa sababu ya karatasi iliyokosekana. Siku akiniletea amri ya kuasili, kuanzia hapo naiacha nje.

Ni laki moja na ishirini, si milioni arobaini. Lakini ni ya kila mwaka, na kwa mtoto wa miaka 4 ni miaka mingi.

Ukiwa na zaidi ya wanne, wa tano hayumo kwenye msamaha huu, hata awe wa kuzaa.

Namna ya kuipata amri

Hatua ya kwanza ni Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Manispaa ya Lindi, Masasi, Tandahimba, Ruangwa, Kilwa, kokote uliko. Usianze na wakili. Na kamwe usianze na mtu mwenye mtoto wa "kukupa". Sheria inataka mahakama ijiridhishe kwamba hakuna aliyelipwa au kuahidiwa malipo kwa ajili ya kuasili. Ukitoa hata "asante" ya laki mbili kwa mama mzazi, unaweza kuwa umeharibu shauri lako mwenyewe.

Umri: mwombaji, au mmoja wenu kama mnaomba kwa pamoja, awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 angalau.

Afisa atakuja nyumbani. Kwetu alikuja saa nne asubuhi, dada mmoja mpole mwenye daftari kubwa. Tulimwamkia, tukamkaribisha sebuleni, mke wangu amesafisha mpaka nyuma ya kabati. Hakutazama sebule hata kidogo. Aliomba kuona mtoto atalala wapi. Akainua chandarua, akakinyoosha juani akitafuta matundu. Kisha akaenda uani kuongea na mama mwenye nyumba jirani, na huko alikaa muda mrefu kuliko kwetu. Baadaye nilielewa: ripoti ya uchunguzi wa jamii inataka kujua mnaishije siku ambazo hakuna mgeni.

Baada ya ripoti kuna kipindi cha kuishi na mtoto chini ya uangalizi, na ridhaa: ya wazazi kama wapo, ya mwenza wako kama umeoa au umeolewa. Mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni yake naye anasikilizwa. Mjomba asiachwe. Nimeona shauri likikwama kwa sababu mjomba mkubwa alisikia habari msibani, akakasirika, ndugu wakaanza kurudisha nyuma maneno yao. Mfuate mapema, na mtu mzima mwingine wa ukoo, mkae mkekani, mueleze kwamba amri haimfuti mtoto kwenye ukoo. Ataenda unyago au jando kama wenzake.

Kisha maombi yanakwenda Mahakama Kuu. Kwetu ni Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Ukitoka Lindi mjini ni zaidi kidogo ya kilomita 100 kwa lami kupitia Mingoyo, na utaipita njia hiyo zaidi ya mara moja, kwa hiyo panga nauli. Huduma ya Ustawi wa Jamii yenyewe haina ada. Gharama ni za kufungua shauri na wakili. Kama huna uwezo, uliza halmashauri kuhusu msaada wa kisheria. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na watoa msaada huo wamesajiliwa.

Tunza kila risiti. Hapa Tanzania hazitakurudishia kodi, lakini ukifika sehemu ya Marekani hapa chini utaona kwa nini nasisitiza.

Wiki za kwanza baada ya amri

Watu wakitoka mahakamani wanapiga picha, wanapika pilau, wanaiweka amri kabatini. Mimi nilifanya hivyohivyo. Kilichonigutua ni homa. Binti alichemka usiku, tukakimbia hospitali, na dirishani tukaambiwa jina lake halimo. Nikaonyesha amri kwenye simu, picha yenye kivuli cha kidole changu. Yule kijana alikuwa na haki kunikatalia. Mimi ndiye sikupeleka karatasi. Nililipa taslimu, na kesho yake nikaanza mzunguko ambao nilipaswa kuufanya mwezi mmoja nyuma.

Anza RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Msajili Mkuu anatunza rejista ya watoto walioasiliwa, na amri lazima iingizwe humo ili upate cheti chenye jina lake jipya na majina yenu. Bila cheti hicho, kila ofisi itakuuliza maswali ya kuumiza mbele ya mtoto. Usichanganye jambo hili na mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano bure kwenye kata na vituo vya afya. Huo ni kwa mtoto kusajiliwa kwa wazazi wake wa kuzaa. Kuna watu huutumia kujiandikisha kama wazazi wa mtoto wa dada yao ili kukwepa mahakama. Ni kosa la jinai kutoa taarifa za uongo kwa msajili. Na linaonekana siku ya mirathi, pale ndugu mmoja anayejua ukweli anapoamua kusema.

Kisha bima. Mchango wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa mwajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri. Yule mwalimu wetu wa 800,000 anakatwa 24,000. Kwa mchango huohuo wanaweza kuingia yeye, mwenza na wategemezi wengine hadi wanne. Hukatwi zaidi kwa kuongeza mtoto. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo nafuu kubwa kuliko zote kwa mwajiriwa wa kawaida, ingawa haiitwi nafuu ya kodi. Angalia tu nafasi zako: wengi wameshaweka wazazi na wakwe, nafasi zimejaa, na kumtoa mama mkwe ili kumweka mtoto ni mazungumzo ya kifamilia ambayo siwezi kukusaidia.

Kisha mfuko wa pensheni, NSSF au PSSSF. Ukifa kazini, mafao ya warithi yanatafuta mwenza na watoto. Nenda na cheti, wamwingize kwenye taarifa zako. Usiseme "nitafanya baadaye"; nimeshaandaa mafaili mawili ya marehemu ambamo mtoto aliyelelewa miaka kumi hakuwepo popote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nao unalipa wategemezi ukifa kwa ajali au ugonjwa unaotokana na kazi, na kule pia watauliza karatasi.

Mwisho ofisini kwako. Mpe ofisa utumishi nakala ya amri na cheti, aviweke kwenye faili lako, na umwombe mwandaa mishahara asome kile kifungu cha 7.

Kuhusu likizo, habari si nzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua siku 84 zenye malipo, au 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Imejengwa juu ya kujifungua. Aliyeasili hakutajwa. Wenzetu Wakenya tangu 2021 wana mwezi mmoja wa likizo yenye malipo kwa anayeasili, sisi bado. Tulichofanya nyumbani ni kutumia likizo ya mwaka, siku 28, mke wangu akaanza, mimi nikapokea. Baadhi ya waajiri wakiombwa kwa barua nzuri huongeza siku. Na mtoto akiugua, zile siku 4 zenye malipo za mzazi mwenye mtoto mgonjwa ni zako pia, maana huyu ni mtoto wako.

Mkulima, muuza samaki na mwenye duka

Asiye na mwajiri hana kifungu cha 7 cha kumsaidia. Nafuu yake iko kwenye daftari.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa makadirio, jedwali lililoanza 2019 linasema hivi: mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hayana kodi ya mapato, kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Dada mmoja muuza samaki pale Feri, Mtwara, alinionyesha daftari lake, kurasa zimelowa na kukauka mpaka zinasimama zenyewe, magamba yamenasa kwenye uti. Mauzo ya mwaka milioni 5. Bila daftari lile angelipa laki moja. Kwa daftari lile ni asilimia 3 ya milioni moja: 30,000. Elfu sabini zilizobaki zilinunua sare na viatu vya mtoto anayemlea. Haijalishi kama ameasili au la, TRA haikumuuliza.

Asichoweza kufanya ni kuandika sare ile kama gharama ya biashara. Tenga fedha ya nyumbani na ya biashara, hata kama ziko kwenye kibubu kimoja cha simu.

Vingine vya kila siku vinapita bila VAT ya asilimia 18 kwa kila mtu: vyakula ambavyo havijasindikwa, huduma za elimu, dawa. Na shule za serikali hazina ada, kuanzia msingi hadi kidato cha nne tangu 2016, kisha cha tano na sita. Hivi havihitaji amri ya mahakama.

Mirathi, na hasa kwa sisi Waislamu wa pwani

Tanzania haina kodi ya mirathi. Nyumba ukimwachia mtoto, serikali haikati fungu lake kwa sababu umekufa. Tatizo la mtoto wa kuasili kwenye mirathi huwa ni ndugu.

Sheria ya Mtoto inamweka mrithi kama mtoto wa kuzaa. Lakini Mwislamu akifa, ndugu wanaweza kudai mirathi igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na humo mtoto wa kuasili hana fungu. Masheikh wengi wa kwetu watakwambia kulea yatima ni thawabu kubwa, ila nasaba haibadiliki. Sitaki kuingia kwenye mjadala huo. Nakwambia tu kilicho salama pande zote: andika wasia. Kwa Kiislamu unaweza kumwachia asiye mrithi hadi theluthi moja ya mali, na mtoto huyu anaingia hapo bila ugomvi wa dini. Njia nyingine ni hiba ukiwa hai, umkabidhi kweli, kwa mashahidi. Hiba ikiwa ya kiwanja au nyumba, pita TRA kabla ya kusaini chochote, kwa sababu uhamisho wa mali ukiwa hai unaweza kuhesabiwa kodi ya ongezeko la mtaji hata kama hukupokea senti.

Kama wewe au mwenza wako mnalipa kodi Marekani

Sasa ile video ya shemeji. Inamhusu Mtanzania mwenye kadi ya ukaazi au uraia wa huko anayeasili mtoto, pengine hata mtoto wa kaka yake aliyeko Kilwa.

Kwa mwaka wa kodi 2025, nafuu ya kuasili ya serikali kuu ya Marekani inafika dola 17,280 kwa mtoto. Haimaanishi wanakupa dola 17,280. Inamaanisha gharama halali ulizotumia kuasili, zisizozidi hapo, zinapunguza kodi unayodaiwa. Zamani kama hukudaiwa kodi, hukupata kitu. Kuanzia 2025, hadi dola 5,000 unaweza kulipwa taslimu hata kama hudaiwi. Inayobaki unaibeba hadi miaka mitano mbele.

Mfano: umetumia dola 9,000, na kodi unayodaiwa mwaka huo ni 3,000. Dola 5,000 unarudishiwa. Zinabaki 4,000: 3,000 zinafuta kodi yako, 1,000 unaingia nayo mwaka unaofuata. Mwenye kipato kikubwa hupungukiwa: kwa 2025 nafuu inaanza kushuka kipato kikizidi dola 259,190 na inakwisha kabisa kwenye 299,190.

Gharama zinazokubalika ni ada za kuasili, mahakama, wakili, na safari pamoja na chakula na malazi ukiwa mbali na nyumbani. Yaani tiketi ya ndege, tiketi ya basi la Lindi, gesti ya Mtwara usiku wa kabla ya shauri, risiti ya wakili ya EFD (ile mashine ya risiti ya TRA). Zile nilizosema utunze. Kuasili mtoto wa mwenza wako hakumo. Mtoto awe chini ya miaka 18 au asiyeweza kujihudumia. Fomu ni 8839, inaambatishwa na marejesho ya kodi, na wanandoa kwa kawaida lazima wawasilishe kwa pamoja. Mtoto anatakiwa awe na namba ya utambulisho ya kodi ya huko.

Mtego wa kwanza kwa mtoto wa nje ya Marekani: hudai chochote mpaka kuasili kukamilike. Ukitumia fedha 2024 na 2025 na amri ikatoka 2026, unadai kwenye marejesho ya 2026. Ikishindikana, hakuna dai, tofauti na mtoto wa ndani ya Marekani ambaye gharama zake zinaweza kudaiwa hata shauri likivunjika.

Mtego wa pili uko huku. Aliyechukua uraia wa Marekani si raia wa Tanzania tena, na sheria yetu inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo na amemlea mtoto chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii kabla ya kuasili. Kuja mwezi mmoja wa Desemba na kuondoka na mpwa hakuwezekani. Ndugu yangu mmoja alishanunua tiketi mbili za kurudi kabla hajauliza. Moja ilipotea.

Shemeji nilimweleza yote haya kwa simu mpaka salio lake likakata. Alipiga tena kesho yake kuuliza kuhusu yule mjukuu wa Ruangwa anayekaa naye tangu akiwa na miezi minane. Nikamwambia Jumatatu aende Ustawi wa Jamii, achukue kadi ya kliniki ya mtoto na cheti cha kifo cha mama yake, na asimpe mtu yeyote elfu hamsini.